Kung'oa jino ukiwa na ugonjwa wa moyo: ganzi peke yake, gesi, vidonge, dawa ya mshipani au nusukaputi?

Mgonjwa wa moyo anayehitaji kung'olewa jino au kutibiwa mzizi wake husimama kati ya hatari mbili zinazovutana. Maumivu na hofu huufanya mwili umwage adrenalini yake wenyewe, mapigo yakaenda mbio, shinikizo la damu likapanda, na moyo ukadai oksijeni nyingi wakati ambapo huenda mishipa yake haina uwezo wa kuifikisha. Dawa za kuondoa hofu nazo zaweza kushusha shinikizo la damu na kufanya pumzi ziwe chache na fupi, na moyo dhaifu hauvumilii upungufu wa oksijeni hata kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, kuuliza tu kama utulizwe au usitulizwe hakutoshi. La kuulizwa ni njia ipi itaondoa hofu ya kutosha bila kugusa pumzi na shinikizo la damu kupita kiasi, na ni nani atakayekuwa kando yako akifuatilia vyote viwili.

Ni lazima kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo wagonjwa wengi huyachanganya. Ganzi huzuia maumivu mahali jino lilipo, na mgonjwa hubaki macho. Dawa ya kutuliza hupunguza hofu, ikamfanya mgonjwa awe mtulivu au asinzie kidogo, lakini haichukui nafasi ya ganzi, hivyo hata anayepewa gesi au dawa ya mshipani bado huchomwa ganzi kwenye fizi. Ni nusukaputi pekee inayomlaza mgonjwa asijue lolote, na hata hapo madaktari wengi huongeza ganzi ili maumivu ya baadaye yapungue. Maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa chini, ni kwamba kwa wagonjwa wengi ambao moyo wao umedhibitiwa vizuri, ganzi iliyochomwa kwa ustadi, ikisaidiwa na gesi pale inapopatikana, ndiyo njia yenye uwiano bora, na kwamba vidonge, ambavyo watu huviona kuwa vyepesi kuliko njia nyingine zote, vinastahili tahadhari kubwa kuliko vinayopewa.

Ganzi peke yake

Ganzi inayotumika zaidi katika kliniki za meno ni lignokaini ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini, kwa kawaida kwa kipimo cha 1:80,000 au 1:100,000. Neno adrenalini huwatisha wagonjwa wa moyo, na wapo wanaoomba wachomwe ganzi isiyokuwa nayo kwa gharama yoyote. Hofu hiyo inaeleweka, lakini adrenalini imewekwa kwa sababu ya msingi: hubana mishipa midogo ya damu ili ganzi isiondoke haraka na damu isivuje sana. Ganzi inayoisha katikati ya kazi humwachia mgonjwa maumivu makali, na maumivu hayo yaweza kuufanya mwili wake utoe adrenalini nyingi kuliko ile iliyokuwa kwenye sindano.

Kinachotakiwa ni kiasi na namna ya kuchoma. Kwa mgonjwa wa moyo, kikomo kinachofundishwa kwa miaka mingi ni miligramu 0.04 za adrenalini kwa mara moja. Katriji (kichupa cha ganzi kinachopachikwa kwenye sindano) moja ya mililita 1.8 yenye kipimo cha 1:100,000 hubeba miligramu 0.018, kwa hiyo katriji mbili zinabaki ndani ya kikomo. Ikiwa kipimo ni 1:80,000, katriji hiyo hiyo hubeba miligramu 0.0225, na mbili tayari zimekivuka kidogo, jambo ambalo daktari anapaswa kulikumbuka kabla ya kufungua ya pili. Vilevile, anapaswa kuvuta sindano nyuma kwanza ili kuhakikisha kuwa ncha haimo ndani ya mshipa wa damu, kisha asukume dawa polepole. Kasi ya mkono wa daktari ina uzito hapa karibu sawa na kipimo chenyewe, na mgonjwa ana haki ya kumwomba asiharakishe.

Wapo wagonjwa ambao adrenalini kwao iepukwe au itolewe kwa idhini ya daktari wa moyo tu: wenye maumivu ya kifua yanayokuja hata wakiwa wamepumzika, waliopata mshtuko wa moyo karibuni, wenye mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hayajadhibitiwa, na wenye shinikizo la damu lililo juu sana. Anayetumia propranololi, dawa ya presha na mapigo, naye amweleze daktari wa meno mapema, kwa kuwa dawa hiyo ikikutana na adrenalini shinikizo laweza kupanda ghafla. Kwao kuna mepivakaini ya asilimia 3 isiyo na adrenalini, au prilokaini iliyochanganywa na felipresini. Mepivakaini hiyo haidumu muda mrefu, kwa hiyo inafaa kwa kazi fupi, si kwa jino la mwisho lililolala ndani ya taya.

Faida kubwa ya ganzi peke yake ni kwamba mgonjwa anaendelea kupumua kama kawaida na anaweza kusema mara moja kifua kinapobana au pumzi inapokwama. Huyo mgonjwa mwenyewe ni kipimo kizuri kuliko mashine nyingi. Upungufu wake ni kwamba hofu haijaguswa. Kwa mtu anayetetemeka tangu mlangoni, ambaye presha yake ilikuwa 130 nyumbani na sasa inasoma 175, ganzi pekee inaweza isimtoshe.

Gesi

Gesi ya nitrasi oksidi, ambayo wengi huiita gesi ya kucheka, iliingia katika tiba ya meno mwaka 1844, pale Horace Wells, daktari wa meno wa mji wa Hartford nchini Marekani, alipoivuta mwenyewe na kung'olewa jino. Siku hizi haitolewi peke yake. Huchanganywa na oksijeni, na mashine za meno hutengenezwa ili oksijeni isishuke chini ya asilimia 30 ya mchanganyiko. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 21, na hapo ndipo ilipo sababu ya mimi kuipendelea njia hii kwa wagonjwa wa moyo: ni njia pekee ya kutuliza ambayo, kwa namna ilivyoundwa, humpa mgonjwa oksijeni zaidi ya aliyokuwa nayo kabla ya kuketi.

Sababu ya pili ni kwamba inatawalika. Daktari huongeza au kupunguza kidogo kidogo huku akizungumza na mgonjwa, na ikifungwa, mgonjwa akivuta oksijeni tupu kwa dakika chache, athari huisha. Shinikizo la damu na mapigo havibadiliki sana katika viwango vinavyotumika kwa meno, na tofauti na dawa nyingine za kutuliza, wagonjwa wengi hutoka kliniki wakiwa na akili timamu kabisa.

Haifai kwa kila mtu, hata hivyo. Anayepumua kwa mdomo kwa sababu ya mafua au pua iliyoziba hawezi kuipata ipasavyo. Mjamzito wa miezi 3 ya kwanza, mtu mwenye upungufu wa vitamini B12, na aliyefanyiwa upasuaji wa jicho uliowekewa gesi ndani waiepuke. Kwa upande wa moyo wenyewe, wenye shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu na wale ambao moyo wao umechoka kabisa wasipewe bila ushauri wa daktari wa moyo. Kikwazo kikubwa katika nchi zetu ni upatikanaji, kwa kuwa vifaa vyake viko zaidi katika hospitali kubwa na kliniki binafsi za mijini, na mgonjwa wa wilayani huenda akalazimika kusafiri.

Vidonge

Diazepamu ya miligramu 5 au 10, inayomezwa saa moja hivi kabla ya kazi, ni rahisi, ni ya gharama ndogo na haihitaji sindano. Katika mgonjwa kijana mwenye presha iliyodhibitiwa na hofu ya wastani, akiandikiwa na daktari anayeijua historia yake, inaweza kutosha. Lakini njia hii ina kasoro ambayo haionekani kwa urahisi: dawa ikishamezwa haiwezi kurekebishwa. Daktari hawezi kuongeza wala kupunguza kwa jinsi anavyomwona mgonjwa, kwa sababu tumbo la mtu mmoja hufyonza haraka na la mwingine polepole, na chakula alichokula asubuhi hubadilisha hesabu nzima. Nusu ya dawa inaweza kubaki mwilini siku nzima au zaidi, na kwa mzee hudumu muda mrefu zaidi.

Midazolamu, dawa ya jamii moja na diazepamu, ikimezwa au kunywewa hutoka mwilini mapema kuliko hiyo, lakini ina tatizo linalowagusa wagonjwa wa moyo moja kwa moja. Huvunjwavunjwa na ini kwa njia ile ile inayozuiwa na verapamili na diltiazemu, dawa mbili ambazo wengi wao hutumia kwa ajili ya presha, maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio. Mgonjwa anayetumia mojawapo huweza kulala usingizi mzito na mrefu kwa dozi ambayo kwa mwingine ni ndogo. Antibiotiki za erithromisini na klarithromisini hufanya vivyo hivyo, na dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri huzidisha zaidi, kiasi kwamba midazolamu ya kumeza haipaswi kuchanganywa nazo. Hata juisi ya balungi inaweza kuiongezea nguvu.

Kinachonitia wasiwasi kuliko yote ni mahali vidonge vinapomezwa. Mara nyingi ni nyumbani, kabla ya safari ya daladala au matatu, bila mtu wa kupima presha wala oksijeni. Mgonjwa anayetumia pia amlodipini ya presha na dawa ya kupunguza maji mwilini anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka anapoinuka. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, hali inayoandamana mara nyingi na presha na unene, yuko katika hatari kubwa zaidi. Diazepamu si dawa ya kununua dukani kwa ushauri wa jirani, na mgonjwa wa moyo aliyeimeza bila kumwambia daktari wa meno amemnyima taarifa ambayo pengine ingebadilisha kila kitu atakachofanya baada ya hapo. Ikiwa vidonge ndivyo vilivyochaguliwa, vimezwe kliniki inapowezekana, mgonjwa aje na mtu wa kumrudisha, na asiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24.

Dawa ya mshipani

Kuwekewa kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa) mkononi na kupewa midazolamu kwenye mshipa kunasikika kuwa jambo zito kuliko kumeza kidonge, na kwa kweli ni zito zaidi. Hata hivyo, katika mikono iliyofunzwa ni njia inayodhibitika vizuri kuliko kidonge, kwa sababu dawa hutolewa kwa vipimo vidogo, kwa mtu mzima mara nyingi miligramu 1 na kwa mzee chini ya hapo, kisha daktari husubiri dakika kadhaa aone mwitikio kabla ya kuongeza. Mgonjwa hubaki anaitikia akiitwa, na baadaye wengi hawakumbuki mengi ya yaliyofanyika, jambo ambalo kwa mwenye hofu kubwa ni nafuu. Ipo pia dawa ya kuiondolea nguvu, flumazenili, ambayo lazima iwe karibu. Lakini flumazenili huisha mapema kuliko midazolamu yenyewe, kwa hiyo mgonjwa aliyepewa hawezi kuruhusiwa kwenda nyumbani upesi kwa kuwa tu ameamka.

Masharti ya njia hii hayapunguzwi. Awepo mtu mwingine aliyefunzwa, mbali na anayeshughulikia jino, ambaye kazi yake ni kumtazama mgonjwa. Kuwe na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, kipimo cha presha kinachorudiwa kila baada ya dakika chache, na kwa mgonjwa wa moyo mashine ya kuonyesha mapigo, oksijeni ya puani tangu mwanzo, na kifaa cha kushtua moyo ndani ya jengo. Iwapo daktari anapendekeza kuongeza fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, au nyingine ya jamii hiyo, mgonjwa aulize kwa nini, kwa sababu mchanganyiko huo hudhoofisha pumzi kuliko kila dawa peke yake. Kliniki isiyo na vitu hivi haipaswi kumpa mgonjwa wa moyo dawa ya mshipani, hata kama ni ya kisasa kwa mambo mengine yote.

Nusukaputi

Hii ibaki kwa mahitaji maalumu: mtoto mwenye kasoro ya moyo ya kuzaliwa ambaye meno mengi yameoza, mtu mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kutulia kwenye kiti, au upasuaji mkubwa wa taya. Faida yake ni kumaliza kazi yote siku moja. Hatari yake ni kwamba shinikizo la damu huweza kushuka ghafla mgonjwa anapolazwa usingizi, kwa hiyo ifanyike hospitalini pekee, na mtaalamu wa usingizi aliyezoea wagonjwa wa moyo. Kwa kawaida mgonjwa hufunga kula na kunywa: chakula husimamishwa saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, isipokuwa kwamba dawa zake za moyo humezwa kwa funda la maji kama atakavyoelekezwa.

Aina ya ugonjwa inavyobadilisha uamuzi

Mwenye presha iliyodhibitiwa ana uhuru mkubwa wa kuchagua, na ganzi pamoja na gesi humtosha mara nyingi. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura huahirishwa hadi dawa zake zirekebishwe. Jino lenye usaha haliwezi kusubiri hivyo, na mgonjwa huyo apelekwe hospitali badala ya kurudishwa nyumbani.

Aliyepata mshtuko wa moyo aahirishe kazi isiyo ya haraka. Zamani madaktari walisubiri miezi 6, lakini miongozo ya Marekani ya mwaka 2014 kuhusu upasuaji usio wa moyo ilitaja siku 60 au zaidi kwa mgonjwa ambaye mishipa yake haikuzibuliwa. Aliyewekewa kizibuo cha mshipa (stenti, kibomba kinachouweka mshipa wa moyo wazi) asiache aspirini wala klopidogreli, dawa zinazozuia damu kuganda, kwa sababu ya jino bila idhini ya daktari wake wa moyo, kwa kuwa damu ya fizi hukandamizwa na kushonwa, ilhali kizibuo kikiziba kinaweza kuua.

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi vizuri ana tatizo linalotangulia dawa yoyote, nalo ni kiti. Anayelala kwa mito 2 au 3 hawezi kulazwa chali kwa dakika 40. Aombe kiti kiinuliwe, miadi iwe mifupi, na dawa ya kutuliza iwe kidogo kadiri iwezekanavyo. Kwa mwenye vali ya aota (mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini) iliyobana sana, au misuli ya moyo iliyonenepa na kuziba njia ya damu, hatari hugeuka: yeye hudhuriwa na kushuka kwa shinikizo la damu, hivyo vidonge, dawa ya mshipani na nusukaputi vyote vinahitaji hospitali.

Afrika Mashariki ina vijana wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, na baadhi wamewekewa vali bandia. Kwao kuna jambo lisilohusiana na kutulizwa lakini lisiloweza kusahauliwa siku hiyo. Mwenye vali bandia, au aliyewahi kupata maambukizi ndani ya moyo, hupewa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, kwa kawaida amoksilini gramu 2 kwa mtu mzima, dakika 30 hadi 60 kabla. Anayechomwa penisilini kila mwezi kuzuia homa ya rumatiki huchaguliwa antibiotiki ya jamii nyingine, kwa kuwa vijidudu vya kinywani mwake huenda vimeizoea penisilini. Mwenye vali ya rumatiki ambayo haijabadilishwa hayumo katika orodha ya Marekani ya wanaopewa antibiotiki hiyo, lakini madaktari wa moyo hutofautiana juu yake, kwa hiyo amuulize anayemhudumia.

Mahali nalo ni sehemu ya uchaguzi. Anayehudhuria Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete yuko ndani ya eneo la hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako huduma za meno zipo jirani, na mawasiliano kati ya madaktari wawili ni ya hatua chache. Anayehudumiwa na tabibu wa meno wa wilayani anapaswa kubeba barua kutoka kliniki yake ya moyo inayoeleza jina la ugonjwa, majibu ya ekokadiografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya karibuni, dawa zote na vipimo vyake, pamoja na kiwango cha kazi anachoweza kufanya bila kuhema. Anayepanda ngazi za ghorofa 2 bila kusimama na anayehema akivaa viatu hawawezi kupewa ushauri mmoja, hata kama ugonjwa wao una jina lile lile.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apime INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) ndani ya saa 24 kabla, au 72 ikiwa majibu yake hayayumbi. Miongozo ya Uingereza huruhusu kung'oa jino ikiwa iko chini ya 4, bila kuacha dawa. Baada ya jino kutoka, aangalie anachoandikiwa: metronidazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl na hutolewa mara kwa mara baada ya kung'oa, huongeza nguvu ya warfarini na inaweza kumsababishia kutokwa na damu siku kadhaa baadaye, na diklofenaki au ibuprofeni humdhuru yeye na mwenye moyo ulioshindwa kwa sababu tofauti. Parasetamoli ndiyo ya kwanza kuombwa, na INR irudiwe ndani ya siku chache ikiwa antibiotiki yoyote imeongezwa.